Kidato cha Tano Ambacho Sikuingia

Tangu Sera ya Kitaifa ya Walimu ilipopitishwa mwaka 2019, ikitaka kila mwalimu nchini Uganda, hata yule wa shule ya msingi na wa shule ya awali, awe na shahada, mazungumzo katika vyumba vya walimu hapa Arua yamekuwa juu ya jambo moja. Wenzangu wenye cheti cha Gredi ya Tatu, yaani cheti cha ualimu wa shule ya msingi, huzungumzia karo, likizo ambazo sasa zitaliwa na masomo, na watoto wao ambao nao wanasubiri kulipiwa ada. Mimi huwasikiliza na kukubaliana nao, lakini moyoni nina huzuni ya namna nyingine ambayo kwa miaka mingi sikuiweka katika maandishi. Njia yangu ya kwenda chuo kikuu haikufungwa na umaskini, wala na alama mbaya, wala na mimba kama ilivyowapata wasichana wengi wa rika langu. Ilifungwa kwa jina la Mungu, na waliofanya hivyo walikuwa watu walionipenda.

Ili nieleweke, sharti nianze na baba yangu. Kabla ya mwaka 1979 alikuwa karani wa serikali, mtu wa kalamu na saa ya mkononi, aliyesomeshwa na wamisionari. Idi Amin alipoanguka, na majeshi mapya yalipoingia West Nile, eneo letu na alikotoka Amin, mwaka uliofuata na kulipiza kisasi kwa watu wasio na hatia, wazazi wangu walivuka mpaka kuingia Zaire pamoja na maelfu ya wengine. Mimi nilizaliwa huko ukimbizini. Habari za mauaji ya Ombaci, misheni iliyo karibu na Arua, mnamo Juni 1981, ziliwafikia wakiwa chini ya turubai, na katika waliouawa walikuwamo watu waliowafahamu. Baba aliyaona mambo yote aliyoyategemea, yaani ofisi, mshahara, nyumba ya mabati na heshima ya mtu aliyesoma, yakitoweka katika muda mfupi sana. Basi kikundi cha maombi kilipopita kambini kikihubiri kwamba dunia hii iko katika siku zake za mwisho, baba hakuhitaji kushawishiwa sana. Alikuwa amekwisha kuuona mwisho mmoja kwa macho yake.

Tuliporudi nyumbani tulirudi na kanisa hilo. Sitalitaja jina, kwa kuwa baadhi ya wazee wake wangali hai na sina nia ya kuwaaibisha. Nyumbani hapakuwa na redio, wala kitabu cha hadithi, wala ngoma ya arusi. Shule iliruhusiwa kwa sababu mtu ni lazima aweze kuisoma Biblia na kuhesabu sadaka, lakini kila hatua juu ya hapo ilitazamwa kwa shaka, na chuo kikuu kilitajwa mimbarani kama mahali ambapo binti huingia na kitambaa kichwani akatoka bila imani. Aya zilizosomwa nazikumbuka zote. Danieli 12:4 inasema kwamba wakati wa mwisho maarifa yataongezeka, nasi tulifundishwa kuona katika kila shule mpya dalili ya mwisho huo. Wakolosai 2:8 inaonya mtu asitufanye mateka kwa elimu yake ya bure na madanganyo matupu, na hiyo ndiyo iliyotumika zaidi, hasa baada ya matokeo ya mitihani kutangazwa.

Nilifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwishoni mwa mwaka 1998 na nikapata Daraja la Kwanza. Mwalimu wetu wa biolojia, ambaye hakuwa mtu wa sifa nyingi, alikuja mwenyewe hadi nyumbani kumweleza baba kwamba ningeweza kuchukua fizikia, kemia na biolojia katika Kidato cha Tano, na kwamba tangu mwaka 1990 wasichana walikuwa wakiongezewa pointi moja na nusu wanapoomba nafasi Makerere. Akamwambia kuwa serikali inaweza hata kunilipia kila kitu. Baba alimkaribisha chai na kumshukuru kwa adabu. Siku chache baadaye wazee wa kanisa walikutana sebuleni kwetu, na mimi niliitwa nikiwa nimesimama mlangoni.

“Binti,” mzee mmoja aliniambia kwa upole, “Kidato cha Sita utakimaliza mwishoni mwa mwaka 2000. Unadhani Bwana atakungoja hadi upate matokeo?”

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa swali halikuwa la mzaha. Mwezi uliofuata nilipelekwa kujifunza cherehani kwa dada mmoja wa kanisa.

Mwaka 2000 ulipofika, haukuleta mwisho wa dunia. Ulileta Kanungu. Mnamo tarehe 17 Machi waumini wa kundi jingine kabisa, huko kusini-magharibi mwa nchi, waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa, na katika wiki zilizofuata maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za viongozi wao. Waliokufa walikuwa mamia, wakiwamo watoto wengi. Ni lazima niseme wazi kwamba kanisa letu halikuwa hivyo. Hakuna aliyemdhuru mtu wala kumnyang’anya mali yake. Hata hivyo nilipozisikia habari hizo kwenye redio ya jirani, nikiwa nimeinamia cherehani, niliwatambua watu wale. Nilijua jinsi mtu anavyoacha kulima kwa kuwa hatarajii kuvuna. Katika kanisa letu mahubiri yaliyoutaja mwaka 2000 kuwa mwisho wa dunia yaliachwa kimyakimya, na mahali pake pakawekwa maneno mengine kuhusu kukesha. Hakuna aliyerudi kwetu kusema kwamba, kwa kuwa dunia bado ipo, yule msichana wa Daraja la Kwanza sasa arudi darasani. Ukimya huo ndio ninaouona mgumu zaidi kuusamehe kuliko uamuzi wenyewe.

Watu wakisikia kwamba ninajutia elimu niliyoikosa, hufikiri nazungumzia mshahara. Ni kweli kwamba mwalimu wa Gredi ya Tatu hupata kidogo, na sitajifanya kwamba jambo hilo haliniumizi mwisho wa mwezi. Lakini nilichokikosa zaidi ni miaka ya kukaa na watu wanaopingana bila kufukuzana. Katika nyumba niliyolelewa, swali lilikuwa mwanzo wa uasi. Ukiuliza kwa nini, ulikuwa umekwisha kuanza kuanguka. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, na tayari nimeingia chuo cha ualimu kwa cheti changu cha zamani cha Kidato cha Nne, nilipomsikia kwa mara ya kwanza mkufunzi akiliambia darasa kwamba hakubaliani na kitabu alichokuwa akikifundisha, kisha akatuonyesha sababu zake na kutuomba tumpinge. Mikono yangu ilitetemeka. Nilitamani mtu angenifanyia hivyo nikiwa na umri wa miaka kumi na minane, wakati akili ilikuwa nyepesi na hapakuwa na mtoto wa kunyonyesha.

Halafu kuna biolojia yenyewe. Niliipenda kama wengine wanavyopenda kuimba. Mtoto wangu wa pili alipolazwa kwa malaria kali, daktari aliyemhudumia alikuwa mtu niliyesoma naye darasa moja, na ambaye aliwahi kuazima daftari langu kabla ya mitihani. Aliniheshimu sana, akaniita mwalimu. Sikumwonea wivu, nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, na bado namshukuru. Lakini alipoanza kunieleza kinachotokea katika chembe nyekundu za damu, nilijikuta nikimaliza sentensi zake, hadi mahali ambapo Kidato cha Nne huishia. Kutoka hapo nilikuwa msikilizaji tu, kama mama mwingine yeyote katika wodi ile.

Bado ninaamini, na ninasali kila siku, ingawa si katika kanisa lile. Ndiyo maana jambo hili linanigusa kama muumini na si kama mtu aliyeikimbia imani. Waraka uleule wa Wakolosai tuliotishwa nao kwa sura ya pili, katika sura ya nne unaleta salamu za Luka, tabibu mpendwa. Mtu huyo alikuwa amesomea kazi yake, na Paulo hakumwambia aiache. Paulo mwenyewe alilelewa miguuni pa Gamalieli. Danieli, tuliyesomewa kila mara, alifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo na hakupoteza Mungu wake. Na hapa kwetu Uganda, ni nani aliyejenga shule za Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, kama si watu wa dini? Baba yangu mwenyewe alijifunza kuandika katika shule ya misheni. Tulinyimwa kitu ambacho imani yetu ndiyo iliyokileta.

Baba sasa ni mzee, na macho yake hayaoni vizuri, hivyo mimi ndiye ninayemsomea Biblia. Niliwahi kumuuliza bila hasira kwa nini hakumsikiliza yule mwalimu wa biolojia. Alinyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilisoma, na vita vilipokuja elimu haikuniokoa. Nilitaka nikupe kitu kisichoporwa.” Nilimwelewa. Sikukubaliana naye, nikamwambia hivyo, naye hakunikatiza. Kinachonichoma zaidi ni kwamba wazee walewale leo wanawapeleka wajukuu wao Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013 hapahapa kwetu, na huombewa kanisani kabla ya muhula kuanza. Nawafurahia watoto hao. Lakini wasichana wa wakati wangu tulikuwa kadhaa, na hakuna aliyewahi kutukusanya na kutuambia kwamba mafundisho yalibadilika.

Kwa mtu asiye na cheti cha Kidato cha Sita bado kuna mlango wa waombaji wa umri mkubwa, ambao wamevuka miaka ishirini na mitano na hufanya mtihani maalumu wa kuingia. Wapo pia wanaopitia stashahada ya ualimu kwanza, wakisoma wakati wa likizo. Nimezipima njia zote mbili pamoja na mume wangu, na tumekubaliana juu ya stashahada, kwa sababu inaniruhusu kuendelea kufundisha. Udaktari sitausomea tena. Nitasomea ualimu wa sayansi, na fomu nimekwisha kuijaza, isipokuwa sahihi ya mwalimu mkuu ambayo nitaifuata Jumatatu.