Deiwaka wa Idd

Mwaka 2019 leseni yangu ya Daraja E, ya kuendesha magari makubwa, ilitoka wiki chache kabla ya Idd el-Fitr. Kwa kutafuta kazi ofisini ulikuwa wakati mbaya kabisa, na kwa kuitafuta kijiweni haukuwepo mzuri kuliko huo. Ofisini walikuwa wanawaza sikukuu. Kijiweni madereva walikuwa wanamtafuta deiwaka, yaani mtu wa kuwashikia gari kwa muda.

Nilikuwa nakaa Mtoni kwa Aziz Ali na mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua, kwa hiyo Tunduma, Lubumbashi na Kigali nilizifuta mapema. Nazo zisingenipokea. Tajiri anayepeleka tela Kongo anataka dereva aliyekaa barabarani miaka, wala si roho mbaya: anamkabidhi gari na mzigo mtu atakayekuwa mbali naye siku nyingi, akivuka mipaka, akipita mizani, akilala porini. Na bima ya gari la namna hiyo huuliza uzoefu wa dereva mapema sana.

Kwa dereva mpya anayetaka kurudi nyumbani kwake, Dar es Salaam ina kazi za aina tatu. Tipa za kokoto na mchanga huchukua watu wapya haraka, lakini nyingi hazina tela, na ujuzi wa tela usipotumika hupotea. Tena zina hatari yake: ukiinua bodi ukiwa umesimama kwenye ardhi iliyoinama, au mchanga mbichi ukagoma kushuka upande mmoja, uzito unabaki juu na gari linalala ubavu. Saruji ya Wazo ni kazi nzuri kwa mtu wa Tegeta au Bunju. Kwa mtu wa Mtoni ni kuvuka mji mzima asubuhi na jioni, na bado hujakaa kwenye foleni ya kupakia. Ya tatu ni kuhamisha makontena kutoka bandarini kwenda bandari kavu, yaani yadi za kuhifadhi makontena nje ya bandari, za Kurasini na zile za kufuata Barabara ya Mandela. Tripu ni fupi, gari linalala yadi, msimamizi anakuona kila baada ya saa chache. Ndiyo maana huko wako tayari kumjaribu mtu aliyetoka chuo juzi.

Nikaenda kwa mama ntilie wa jirani na yadi, saa ya chai, siyo getini. Getini mlinzi ana jibu moja tu: hakuna kazi. Mezani kwa mama ntilie swali la "kuna kazi?" halina faida pia. Swali lenye faida ni nani anaenda nyumbani kwa sikukuu. Meli haingoji Idd, na kontena likimaliza siku zake za bure gharama ya kulihifadhi inaanza kuhesabiwa. Dereva wa Tanga au Lindi anayetaka kwenda kusali na wazazi lazima aache deiwaka, na msimamizi atamkubali tu deiwaka ambaye karatasi zake ziko mkononi.

Karatasi zenyewe: nakala ya leseni, vyeti vya chuo, kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipa kodi, barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti, na wadhamini wawili wenye nakala za vitambulisho vyao. Wadhamini ndio wanaokwamisha watu. Yadi inataka mtu mwenye nyumba au ajira inayojulikana, atakayepokea simu akipigiwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo unamwomba kabla hujaitwa. Wapo pia wanaozunguka vijiweni wakidai hela ya kukuunganisha na bosi. Yadi iliyonichukua haikuniomba hata shilingi, iliomba wadhamini.

Siku ya jaribio tulikuwa watu watatu. Msimamizi alikuwa mzee aliyeshika usukani tangu enzi za gari za pua ndefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chuo umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Usiwashe gari. Lizunguke kwanza, kisha uje uniambie umeona nini."

Kichwa, yaani gari linalovuta tela, kikiwa cha difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma) kina tairi 10, tela la ekseli tatu lina 12. Zote 22 hugongwa kwa chuma, na masikio ndiyo yanayofanya kazi, kwa sababu kwenye tairi pacha ile ya ndani inaweza kuwa imeisha upepo huku ya nje imeificha. Ya nje hapo inabeba mzigo wa mbili, inachemka, inapasuka. Nati nazo zinasema zenyewe: ukiona mstari wa kutu umetiririka kutoka kwenye nati, imelegea. Chini ya fremu kuna mitungi ya upepo, kila mmoja na vali yake ya kumwagia maji. Yakitoka maji na oili nyingi, kompresa inaanza kuchoka, na hilo mzee alitaka kulisikia kuliko habari za taa.

Kisha ikaja kufunga tela. Chuoni hili lilipita haraka, watu wakakimbilia usukani. Yadini lilichukua asubuhi nzima.

Unaanza na urefu wa pua ya tela. Iwe chini kidogo ya usawa wa sahani ya kichwa, lile bamba ambalo tela hulilalia, ili kichwa kikiingia kiinyanyue. Ikiwa juu mno, kingipini, ile pini ya chuma chini ya pua ya tela, inapita juu ya taya za sahani bila kuumwa, na pua inakuja kugonga mgongo wa kebini. Ikiwa chini mno, unalisukuma tela badala ya kuingia chini yake. Urefu unarekebishwa kwa mkono wa miguu ya tela, ambao una gia mbili: nyepesi kwa tela tupu na nzito kwa lenye mzigo. Unarudi ukiwa umenyooka, polepole, mpaka usikie taya zinauma. Sauti hiyo haitoshi. Weka gia ndogo, jaribu kwenda mbele kidogo huku breki za tela zimeshika. Kichwa kikigoma kutoka, vizuri. Zima injini, funga breki ya mkono, shuka na tochi, ingia chini. Kati ya sahani na tela pasionekane mwanga, taya ziwe zimeizunguka shingo ya kingipini, na mkono wa loki uwe umerudi ndani wote.

Ndipo unafunga mipira ya upepo. Mwekundu ndio unaojaza mitungi ya tela na kuachia breki zake. Wa njano unapeleka amri ya mguu wako. Vichwa vya mipira vimetengenezwa visiingiliane, lakini vikichakaa au fundi akibandika vya aina nyingine vinaingia popote, na ukivibadilisha tela linabaki limeshika. Raba ya ndani ikikosekana utasikia upepo unalia. Baada ya hapo waya wa taa, na mwisho kabisa miguu, juu mpaka igome. Mguu ulioachwa nusu unang'olewa na tuta la kwanza au na reli.

Mmoja wetu aliinua miguu kabla ya kuvuta kujaribu. Mzee akamsimamisha pale pale, akachukua tochi, akatuita wote tuangalie: taya zilikuwa zimeuma upande mmoja tu. Angeondoka, kichwa kingetoka chini na pua ya tela ingeshukia fremu, au lami. Yule kijana hakufukuzwa. Alirudia yote tangu mwanzo, na jioni yake aliambiwa aanze kama utingo. Naona ilikuwa haki.

Rivasi tulipigia katikati ya matela mawili yaliyoegeshwa. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo upande mzuri ni kulia, unakoweza kuchungulia dirishani ukauona mkia. Kushoto unategemea kioo peke yake. Ukitaka mkia uende kulia unaanza kwa kukata kushoto, kidogo, kisha unafuata tela kabla halijajikunja. Wanafunzi wengi hukata sana na kuchelewa kurudisha, pembe inakuwa kali mpaka kona ya kebini inakaribia kugusa tela. Dawa ni moja: simama, nenda mbele unyooke, anza tena. Mzee hakujali umeenda mbele mara ngapi. Alitazama kama unashuka kuangalia nyuma pale usipoona. Aliyeingiza kwa mkupuo mmoja bila kushuka alipata maswali mengi kuliko aliyeshuka.

Usiku wa Idd nikapewa kichwa cha dereva aliyekwenda Lindi, pamoja na utingo wake aliyejua geti zote. Bila kibali cha kuingia bandarini, kizibao cha kung'aa, kofia ngumu na viatu vya usalama huvuki. Ndani, kabla kreni haijateremsha kontena, loki za tela, zinazoshika pembe za kontena, zinafunguliwa na kuelekezwa sawa, na unamkumbusha anayepanga kwamba milango iangalie nyuma. Kontena la futi 20 linaweza kufika tani 30, na ukilikubali mbele ya tela la futi 40 uzito unalalia difu. Kwa kichwa cha difu mbili na tela la ekseli tatu za tairi pacha, sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 mbele, 18 kwenye difu na 24 kwenye tela, jumla 50. Jumla inaweza kuwa salama huku difu zimezidi. Kontena zito la futi 20 tuliliweka katikati.

Likishakaa, loki zote nne zinafungwa na kutingishwa kwa mkono. Namba ya mlangoni, herufi nne na tarakimu saba, inalinganishwa na karatasi tarakimu kwa tarakimu, halafu namba ya sili, yaani lakiri ya mlango. Kila tundu, mbonyeo na mlango uliopinda unaandikwa kwenye interchenji, karatasi ya makabidhiano ya kontena, kabla ya kutoka. Usipoandikwa, bandari kavu watauandika wao, na utaonekana umetokea mikononi mwako.

Njiani cha kuogopa ni kipilefti na kona za kushoto. Kontena liko juu, mzigo wa ndani huujui ulivyopangwa, na tela hulala hata kwa mwendo ambao gari dogo lingeuona wa polepole. Kona ya kushoto unapanua kwanza kwa sababu tairi za nyuma zinakata ndani, na nafasi hiyo ya kushoto ndiyo bodaboda wanayoipenda. Bandari kavu, loki zinafunguliwa zote kabla ya mashine kunyanyua. Ikisahaulika moja, tela linanyanyuka na kontena, na likiachia linashuka kwa kishindo.

Kukaa karibu na kazi hakumaanishi kulala nyumbani. Meli inashusha mchana na usiku, na foleni ya geti haina saa. Dereva niliyemshikia gari aliporudi, mzee alinipa mkataba wa kichwa kingine nikausome nyumbani. Nilitafuta vitu viwili. Cha kwanza ni usiku: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inahesabu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuwa kazi ya usiku, yenye nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Haikuwemo. Cha pili ni makato ya uharibifu. Mkataba ulisema gharama yote itakatwa, bila kikomo, wakati sheria inataka ukubali kwa maandishi, kosa liwe lako, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nilimrudishia mzee ukurasa huo nikiwa nimeupigia mstari kwa penseli. Akausoma amesimama, akaniuliza chuoni kwetu walifundisha na haya, akaupeleka kwa karani. Ulirudi umerekebishwa Jumatatu, nikasaini, nikapangiwa zamu ya usiku.