Simu mbili mezani

Nina simu mbili. Watu wakiniona nazo hapa Tororo wanadhani nimeanza kubadilisha fedha kama vijana wa Malaba mpakani. Moja ni mpya, mwanangu aliniletea Krismasi, kioo kipana kama sahani ya posho. Nyingine ni kuukuu, imepasuka kuanzia pembeni, na betri yake haifiki saa sita mchana. Siwezi kuitupa, kwa sababu ndani yake mna jarida langu, na jarida hilo halikubali kuhamia simu mpya. Nililitafuta kwenye duka la programu la Google, halikuonekana kabisa. Apio, mjukuu wangu anayesomea kompyuta Kampala, akanieleza kwamba programu ikikaa miaka bila kutengenezwa, simu zenye Android mpya hazionyeshwi tena kuwa ipo. Aliyekuwa nayo anabaki nayo, anayekuja leo hapati. Basi mimi na kioo changu kilichopasuka tumekuwa kama abiria waliosahauliwa kwenye behewa lililokatwa kutoka treni na kuachwa reli ya pembeni.

Leo asubuhi behewa lenyewe limefungwa milango.

Ni jarida la sisi wazee, la Kiswahili, linaandikwa ng'ambo ya mpaka. Zamani lilikuja kwa basi. Mke wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekwenda stendi kulipokea. Anarudi nalo limekunjwa kwapani, na kabla sijaligusa ameshajaza nusu ya chemshabongo, tena kwa kalamu ya wino, hata pale asipokuwa na hakika. Mlikuwa na makala za presha na sukari, za pensheni, za kufuga kuku, barua za wasomaji, na hadithi ya kuendelea ambayo sisi wawili tuligombania. Halafu wenyewe wakaacha kuchapa karatasi. Wakatutangazia kwamba tangu sasa tutasomea kwenye simu, ni rahisi, ni haraka, na herufi utazikuza upendavyo. Hilo la herufi nalikumbuka vizuri, maana ndilo lililonifanya nilipe.

Sasa sikiliza herufi zenyewe. Ukurasa wanaokupa ni picha tu ya ule ukurasa wa karatasi, safu tatu zimebanwa kwenye kioo cha upana wa kiganja. Unatanua kwa vidole viwili. Safu ya kwanza inaonekana, unasoma mistari sita, unasukuma juu kidogo, picha inateleza pembeni na unajikuta katikati ya tangazo la magodoro. Unarudi. Unatafuta ulipoishia. Ukifungua ukurasa wa pili, kila kitu kimerudia udogo wake, kana kwamba hukuwahi kutanua chochote. Kuna makala ya kurasa nne kuhusu maumivu ya magoti ambayo niliisoma kwa muda ambao treni ya mizigo ingekuwa imeshafika Mbale.

Kitufe cha kukuza herufi kipo. Kimechorwa A ndogo na A kubwa. Ukikibonyeza, programu inajifunga. Katika programu nzima hicho ndicho kitufe kinachotimiza kazi yake kwa uaminifu: kila ukibonyeza, bila kukosa, inajifunga.

Na ile rangi! Maandishi ya kijivu juu ya weupe, kama majivu kwenye unga. Daktari wa macho aliniambia nilipofika miaka hamsini kwamba lenzi ya jicho hukakamaa kadiri mtu anavyozeeka, haijikunji tena kutazama kitu cha karibu, na mwanga unaopita nao hupungua. Ndiyo sababu tunanyoosha mkono tukisoma, mpaka siku mkono wenyewe hautoshi. Hayo hayakugunduliwa jana. Mtu anayetengeneza kitu cha wazee angeanzia hapo.

Nirudi kwenye leo. Nilikuwa nimeketi barazani na chai ya tangawizi, nikafungua, nikakuta ujumbe kwamba muda wangu umekwisha, niingie upya. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, wanitumie namba za siri kwenye laini niliyojiandikishia, laini iliyokwenda pamoja na pochi yangu ndani ya teksi ya Mbale na sikuifuatilia tena. Ya pili, niingie kwa Facebook. Facebook, Uganda hii! Ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo wanaoitaka wamezoea kuzunguka kwa VPN, yaani programu ya kupitia njia ya kando. Mimi kuzunguka huko sikuwahi kujifunza. Aliyeweka kitufe hicho alikiweka akaondoka, na hakuna aliyerudi kuangalia kama mlango bado unafunguka.

Nilipiga mguu mpaka kwa kijana wa duka la simu karibu na stendi. Akaitazama sekunde mbili, akasema, "Mzee, futa, halafu weka upya." Kidole chake kilikuwa kimeshafika. Nilimshika mkono kama mtu anayezuia mtoto asiguse sufuria. Ikifutwa, nani ataniletea tena?

Saa nne akaja Afande. Huyu ni rafiki yangu wa miaka mingi, mstaafu wa jeshi, na Kiswahili chake ni cha kambini mpaka leo, kila sentensi inapiga saluti. (Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, Afande alisema yeye alikuwa rasmi kabla ya Katiba.) Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, anangoja upasuaji, kwa hiyo mimi ndiye humsomea. Mwaka jana Apio alijaribu kuwasha kwenye simu hii kuukuu ile sauti inayosoma kilichoko kwenye kioo, ili Afande asikilize mwenyewe siku nikiwa na kikohozi. Tukafungua jarida, tukanyamaza. Sauti ikasema: picha. Kitufe kisicho na jina. Kitufe kisicho na jina. Picha. Afande, ambaye huniita kwa kazi yangu ya zamani ya reli, akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Karani, hii ni paredi gani ambayo askari hawana majina?"

Leo aliketi, akaegemeza fimbo, akauliza, "Karani, leo tuna nini?"

"Leo hatuna, Afande. Wametufungia."

"Umekosea wapi?"

Hakuniuliza kwa ubaya, lakini swali lilinichoma, kwa sababu ndilo ninalojiuliza kila mara. Nimekosea wapi. Nimebonyeza nini. Mtu uliyeandika tiketi za maelfu ya abiria bila kukosea nauli unajikuta unaomba radhi kwa kioo. Ninazo siku ambazo nimemficha Apio kwamba jarida limegoma, nikaogopa atamwambia baba yake kwamba mzee ameanza kusahau.

Leo sikuficha. Nilimpigia kwa simu mpya, nikamweleza yote, hata habari ya kidole cha yule kijana. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Jjajja, si wewe. Ni wao." Ananiita jjajja, yaani babu, kama watoto wote waliokulia Kampala, na sijui kama anajua uzito wa alichonitua.

Akanipa na somo. Anasema mafundi wa Android wana vipimo viwili vya herufi, sp na dp. Ukitumia sp, mwenye simu akikuza maandishi kwenye mipangilio yake, na programu inamfuata. Ukitumia dp, inabaki kiziwi. Tofauti ni herufi moja. Anasema pia kwamba upo mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.0 la mwaka 2008 tayari lilitaka maandishi yaweze kukuzwa mara mbili bila kitu kupotea, na rangi ya maandishi iachane na rangi ya nyuma kwa kiwango kilichopimwa. Umeandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini watu wa programu za simu nao huufuata. Nikamwuliza, "Kwa hiyo walijua?" Akasema aliyeijenga huenda alijua, huenda hakujua, lakini sasa hivi inaonekana hakuna mtu kabisa. Hilo ndilo nimekuwa nikilitafuna tangu mchana.

Nilianza kazi 1974 katika shirika la reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 tukaamka tuko Uganda Railways, dirisha la tiketi lile lile, kalamu ile ile. Tororo ni njia panda: huku Jinja na Kampala, kule Mbale, Soroti, Lira, Gulu mpaka Pakwach. Abiria walitujua sisi wa dirishani, na dereva, na mkata tiketi. Genge la watunza reli hawakulijua. Kumbe wale ndio walioamka alfajiri wakatembea kipande chao kwa miguu, nyundo begani, wakigonga reli na kusikiliza mlio, wakikaza nati, wakitazama mataruma yaliyooza. Genge lilipoanza kupungua, hakuna treni iliyoanguka siku hiyo. Kwanza likaja agizo la kwenda polepole kipande fulani. Kisha kipande kingine. Kisha nyasi. Ile njia ya Pakwach ilikaa miaka mingi watu wakichunga mbuzi juu yake, na wala hakuna aliyeweza kukutajia siku iliyokufa.

Nikiitazama programu hii naona nyasi zile zile.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dirisha la fedha halijaota nyasi. Ujumbe wa kunikumbusha kulipia mwaka mpya haujawahi kuchelewa hata saa moja. Nikiandika malalamiko, hapo hapo linarudi jibu la mashine: tumepokea, tutakujibu ndani ya siku mbili. La mwisho ni la mwezi wa tatu. Na bado sijataja bando. Toleo moja ni zito, linashuka taratibu, likikaribia kufika mtandao unayumba na linaanza tena kutoka sifuri. Tangu Julai 2021 data tunayonunua ina kodi ya asilimia 12, iliyoshika nafasi ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyokuja 2018. Kwa hiyo kuna matoleo niliyoyalipia kodi mara tatu kabla sijaona jalada.

Apio anasema ataulizia kama laini ya zamani inaweza kurudishwa kwa kitambulisho changu. Nimemwambia aulizie. Lakini jioni nilivuta sanduku la bati chini ya kitanda nikatoa nakala za karatasi, nikitafuta anwani yao. Nikaangukia chemshabongo moja. Samaki wa maji baridi, herufi sita. Jibu ni perege. Mama watoto ameandika SANGARA, na kwa kuwa visanduku havikutosha, R na A amezibana pamoja kwenye kile cha mwisho, wino umepenya hadi ukurasa wa nyuma. Nikamsomea Afande. Alicheka mpaka akatafuta leso.

Sanduku la posta liko ukurasa wa pili, chini ya jina la mhariri, maandishi meusi juu ya weupe. Tumeanza barua. Afande alitaka mstari wa kwanza uwe "Kwa nini mmetutelekeza?" Nikamwambia barua ya ofisi haianzi hivyo, tuweke tarehe na namba ya uanachama kwanza. Tumefika ukurasa wa pili wa karatasi ya mistari na bado tuko kwenye kitufe cha A. Jumatatu nikienda kuchukua dawa ya presha nitapita posta.