Korosho nzima, korosho vipande

Minada ya korosho ikianza Oktoba, ndugu zangu wa Dar hunitania kwamba huku kusini hela zinaokotwa. Hela zipo, sikatai. Ila nyingi zinapita tu.

Mimi nabangua korosho hapa Newala, za shamba letu na za mama mkwe. Kilo nne za ghafi hutoa karibu kilo moja ya kokwa. Unazichemsha kwa mvuke, unaziacha zikauke, kisha unakaa kwenye mashine ya kukatia. Ukiiweka korosho vibaya, kisu kinapasua kokwa. Nzima nyeupe zina bei yake, vipande, bei nyingine kabisa, zilizoungua usiulize. Mkorosho ni uleule! Kinachotofautisha ni mkono wa mbanguaji. Binti aliyezoea akitikisa korosho anajua kama imekauka, na hasahau kujipaka mafuta mikononi, maana utomvu wa ganda unababua. Mgeni, mwezi wa kwanza, ananitia hasara tupu. Namvumilia, nitafanyaje?

Sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam, na mshahara wa kubangua unalipwa hukohuko. Viwanda tulijengewa tangu miaka ya 1970, na vingi viliishia kuwa maghala. Wengine wanalaumu mashine zenyewe, wengine bei. Mimi huwa nauliza fundi wake alikuwa nani.

Hata gesi naiona hivyo. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kwenda Dar, na moyo wangu ulikuwa upande wao. Mpaka leo sijaubadili. Lakini hata gesi ingebaki, wachomeleaji wenye vyeti vya kazi ile tungewatoa wapi kwa haraka? Norwei walipopata mafuta ya Ekofisk, chini ya bahari, mwaka 1969, waunda meli na mabaharia walikuwa nao zamani.

Sasa tunasubiri mradi wa kusindika gesi kule Likong'o, Lindi. Mpwa wangu kamaliza kidato cha nne, anataka akauze simu Kariakoo. Nimemwambia nitamlipia ada ya VETA, chuo cha ufundi, umeme au uchomeleaji achague mwenyewe, kwa sharti kwamba likizo aje kuninolea visu vya mashine.

"Sawa, mama mdogo," kasema, "ila simu kwanza."

Tunaendelea kujadiliana.