Silinda mbili ubavuni

Juzi jamaa yangu kaniachia pikipiki yake, BMW R1250GS, tukashika Barabara ya Morogoro kuelekea Chalinze. Silinda zake zimelala, moja kushoto moja kulia. Pistoni zinatoka na kurudi kwa pamoja, mtetemo wa moja unafutwa na wa mwenzake. Boxer 150 yangu ina silinda moja: nikigusa 80 tu, vidole ganzi. Kwenye BMW kioo kimetulia, namwona dereva wa lori nyuma yangu hadi kofia yake.

Kurudi, Ubungo ikawa shughuli. Bodaboda wanapenya, mimi nimeganda nyuma ya daladala nikiogopa kuparuza silinda kwenye bampa la mtu. (Bei ya kifuniko chake uliza ukiwa umekaa!) Kariakoo naenda na yangu, nyembamba, gia ya pili inavuta hata mwendo wa kobe.