Jiwe Lililogoma Kutua

Lilikuwa swali la nne, na hadi leo nalikumbuka kwa namba zake. Jiwe linarushwa wima kwenda juu kutoka ukingoni mwa mnara wa mita 25, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Litafika ardhini baada ya muda gani? Tuliruhusiwa kuchukua mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa 10 badala ya 9.8, na nashukuru, maana kwa 9.8 majibu yangetoka na desimali nyingi nisione kitu.

Maswali matatu ya kwanza nilikuwa nimeyamaliza upesi, kichwa kikavimba. Nikaandika 25 + 20t + 5t² = 0, nikagawa kote kwa 5, nikabaki na t² + 4t + 5 = 0. Vigawo nikavitafuta, hakuna. Nikakimbilia ile kanuni ndefu ya kukariri; chini ya alama ya kipeuo ikatokea 16 toa 20. Kikokotoo kikaandika kosa. Nikarudia, nacho kikarudia.

Dada yangu, aliyenitangulia madarasa mawili, akainama kutazama daftari, akacheka.

"Kwa hiyo hili jiwe halitui kabisa?"

"Hesabu ndivyo inavyosema, dada."

"Hesabu yako. Umesema kwenda juu ni chanya. Haya, dunia inavuta wapi?"

Chini, bila shaka. Mimi nilikuwa nimeweka dunia inayovuta kwenda mawinguni, na jiwe likatii.

Nikageuza alama ile moja, ya mbele ya 5t², ikawa hasi, nikagawa kote kwa hasi 5. t² − 4t − 5 = 0, yaani (t − 5)(t + 1) = 0. Sekunde 5, au hasi 1. Nikapigia mstari 5, hasi 1 nikaikata kwa kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka, pembeni nikaandika: haiwezekani. Tulishazoea hivyo, muda ukiwa hasi unatupwa.

"Mbona unaikata, mdogo wangu? Sekunde moja kabla ya kurushwa, jiwe lilikuwa wapi?"

"Mkononi mwa mtu."

"Mlinganyo haumjui huyo mtu."

Wiki ile ile tulikuwa tumeanza kalkulasi, na mimi niliichukulia kama mchezo wa kushusha vipeo: t² inakuwa 2t, namba isiyo na t inatoweka, basi. Inahusu nini, sikuwahi kuuliza. Dada akaniambia niufanyie mchezo huo mlinganyo wa kimo, 25 + 20t − 5t². Nikapata 20 − 10t.

"Hiyo ndiyo kasi ya jiwe wakati wowote unaoutaka. Weka 5."

Hasi 30.

"Sasa weka hiyo uliyoikata."

Chanya 30.

Akaenda zake kulala. Mimi nikabaki nayo. Kama jiwe lingerushwa kutoka ardhini, mguuni pa mnara, kwa kasi ya 30, sekunde moja baadaye lingekuwa kwenye mita 25: 30 toa 5. Na hapo ukingoni lingepita kwa kasi ya 20, ile ile ya kwenye swali. Likirudi, linaipiga ardhi kwa 30 zile zile. Katikati ya hasi 1 na 5 ni 2, na kwenye sekunde ya 2 kasi ni sifuri, jiwe liko kileleni, mita 45. Kumbe grafu ilikuwa kilima kizima, na swali lilianza kukipanda njiani.

Nikakichora chote kwa penseli, kile kipande cha kabla ya sifuri kwa nuktanukta. Nikafuta, nikachora tena, pande zote mbili zilingane. Swali la tano na la sita sikuyagusa.

Daftari liliporudi, 5 ilikuwa na tiki. Kando ya kilima changu mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umeulizwa jibu moja." Chini yake, kwenye la tano na la sita, sifuri mbili.