Majengo ya shule za Bagamoyo: mradi ulipofikia

Daftari la kwanza limejaa, la pili limeanza, na picha zimeshakuwa nyingi kiasi cha kunichanganya. Kwa hiyo naandika hapa nilipofika. Kwa anayenikuta leo: ninakusanya historia ya majengo ya shule za wilaya ya Bagamoyo. Matokeo ya mitihani na majina ya walimu wakuu nawaachia wengine. Mimi nataka kuta, mapaa na misingi: nani alilipa, nani alibeba mawe, na jengo limebadilishwa mara ngapi. Nimeichukua Bagamoyo ya zamani pamoja na upande uliopata halmashauri yake, Chalinze, mwaka 2015, maana majengo mengi ninayoyatafuta yalisimama kabla mpaka huo haujachorwa.

Mjini kwanza

Nilianza na Mji Mkongwe kwa sababu naweza kwenda kwa miguu. Kule huwezi kuizungumzia shule bila kuanza na vyuo vya Kurani. Mtoto alikaa barazani au ukumbini kwa mwalimu wake, ubao mapajani, na hakuna aliyeona haja ya kujenga darasa. Sheikh Ramiya aliletwa Bagamoyo akiwa mtumwa kutoka pande za Kongo, akafariki mwaka 1931 akiwa khalifa wa tariqa ya Qadiriyya anayeheshimiwa pwani nzima. Mtu kama huyo alifundisha wangapi, na jengo la shule likaandikwa wapi? Nimejiwekea kanuni: mahali palipofundishiwa watoto kwa miaka mingi panaingia kwenye orodha, hata pakiwa ni baraza.

Upande wa pili wa mji ni misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868. Watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma, pia kulima, useremala na uhunzi, kwa hiyo shule pale ilikuwa ni darasa, karakana na shamba. Aprili 1872 kimbunga kilichoivunja Unguja kilifika mpaka huku kikaangusha majengo mengi ya misheni. Nyumba kubwa ya mapadre, ile ya mawe yenye varanda ambayo kila mgeni anaipiga picha, ilianza kujengwa baada ya hapo. Katika daftari langu zima hakuna tarehe ninayoipenda kama hiyo iliyoachwa na kimbunga. Majengo mengine yote yananiambia “zamani sana”, haya yananipa mwezi.

Halafu kuna Sewa Haji Paroo, Mhindi mzaliwa wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya bara. Ukimsikia mtu wa Dar anataja jengo la Sewahaji pale Muhimbili, ni yeye huyo. Miaka ya 1890, kabla hajafariki mwaka 1897, aliwapa Wajerumani jengo la shule hapa mjini kwa sharti moja: wapokelewe watoto wa rangi zote. Leo ni Shule ya Msingi Mwambao. Nimesimama mbele yake mara nyingi nikiwaza habari ya sharti hilo, kwa sababu baadaye Waingereza walikuja na mpango wa shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, kila kundi na bajeti yake na ubora wake wa majengo. Mpango huo uliondolewa rasmi mwanzoni mwa mwaka 1962. Sharti la mfanyabiashara mmoja liliitangulia sheria ya nchi kwa miaka karibu 70.

Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake ya kwanza Tanga mwaka 1892, kisha Dar es Salaam na Bagamoyo. Ilihitaji makarani na maakida (wasimamizi wa maeneo chini ya serikali) wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na wazee Waislamu wa pwani hawakuwa tayari kuwapeleka watoto misheni, kwa hiyo shule hizo hazikufundisha dini.

Jambo moja la ufundi kabla sijatoka mjini. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: unyevu unaoingia unatoka. Fundi wa leo akikuta plasta imebanduka anaweka saruji, kwa sababu ndiyo anayoijua na ndiyo inayouzwa dukani. Ukuta unaonekana mpya kwa muda, halafu maji yaliyofungiwa ndani yanaanza kuula, na plasta inaanguka pamoja na kipande cha jiwe. Nimeshaona ukuta wa aina hiyo ukilaumiwa kuwa “umezeeka”. Haukuzeeka, umezibwa pumzi.

Kibao na ukuta

Nilipotoka mjini kuelekea vijijini, mpango wangu wa kuandika ukurasa mmoja kwa kila shule ulianza kunisumbua. Chukua shule moja ya kata za ndani, sitaitaja. Kibao cha getini kinasema 1975. Jengo la mbele, lenye kuta nene na madirisha madogo, ni la enzi za Waingereza. Wazee wanakumbuka wakiliita mido skuli, yaani shule ya kati ya darasa la tano hadi la nane, na bado kuna msingi wa bweni kichakani. Nyuma yake kuna madarasa mawili ya miaka ya 1970, pembeni mengine ya miaka ya 2000, na mwishoni moja lenye vigae sakafuni na madirisha ya alumini. Shule moja, enzi nne, na kibao kinajua moja tu.

Tangu hapo ukurasa ni wa jengo, na majengo ndiyo yanayokusanyika kuwa shule. Kazi imeongezeka mara nyingi, ila sasa maswali yana majibu. Mwaka wa kibao mara nyingi ni wa usajili. Mwaka wa jiwe la marumaru ukutani mara nyingi ni wa Mwenge wa Uhuru: viongozi wa mbio walipita, wakavuta pazia, jina na tarehe vikabaki. Jengo lenyewe linaweza kuwa lilianza kutumika kitambo, au watoto waliingia baadaye kwa kusubiri madawati.

Yupiii

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na bado sijaimaliza. Novemba 1974 Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977; ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote, ambayo watu wanaitamka Yupiii. Wakati huohuo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini kwa Operesheni Vijiji. Kwa hiyo vijiji vipya vilihitaji shule mpya mara moja, na serikali haikuwa na pesa ya kuzijenga zote. Wananchi wakajenga.

Mzee mmoja alinipeleka mwenyewe hadi uwanjani. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza jengo ni la mwaka gani.

“Mwaka wa Operesheni,” akasema. “Sisi tulikata fito, kina mama walichota maji ya kukandia udongo. Mwalimu wa kwanza alikuwa kijana tu, alimaliza la saba hapohapo jirani.”

“Na hili la bloku, mzee?”

“Hili? Hili ni baada ya lile kudondoka. Mvua za El Niño.”

Jengo la Yupiii lenyewe, basi, halipo. Ndivyo ilivyo kwa mengi ya enzi hiyo: miti na udongo havikai miaka 50. Kilichobaki ni mahali, miembe iliyopandwa na wanafunzi, na mpangilio wa uwanja, mlingoti wa bendera katikati na madarasa yakiuzunguka. Nimeanza kuyaweka kwenye orodha majengo yasiyokuwepo, kwa rangi ya kijivu kwenye ramani. Kuna aliyenishauri niyaache kwa kuwa hayapigiki picha. Simkubalii. Ukiyaondoa, historia ya wilaya itaonekana kama watu walikaa bila shule mpaka wafadhili walipokuja.

Watu hapa hawataji miaka, wanataja matukio: Operesheni, vita vya Kagera, El Niño. Nimebandika orodha ya matukio na miaka yake ndani ya jalada la daftari, na imenifaa kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Masika

Barabara za ndani hazikupitika, nikakaa na picha za setilaiti. Programu ya Google Earth inakuruhusu kurudisha picha nyuma, na bati jipya linang'aa kuliko la zamani, kwa hiyo unaweza kuona paa lilipochomoza kati ya picha moja na nyingine. Njia hii inafaa kwa majengo ya miaka ya 2000 kuja huku. Upande wa Mapinga na Kerege, ambako watu wa Dar wanahamia kwa kasi, inatisha kidogo: shule ilikuwa katikati ya mashamba, sasa imezungukwa na nyumba hadi kwenye mstari wa uwanja wa mpira.

Majengo yenye majina ya miradi

Kuanzia mwaka 2002 kazi inakuwa rahisi, maana kila jengo limeandikwa mfadhili wake. MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wa 2002 hadi 2006 ulifuata kufutwa kwa ada ya shule za msingi; pesa ziliingia akaunti ya shule, kamati ikasimamia, wananchi wakachangia nguvu kazi. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nayo ilijenga. Halafu MMES, mpango kama huo wa sekondari, na shule za kata, ambazo hadi mwaka 2010 zilikuwa zimepandisha idadi ya sekondari nchini kupita 4,000. Kisha miradi mingine ya elimu: EP4R, SEQUIP, BOOST. Na mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3, vikajengwa vyumba 15,000 vya madarasa nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi (zilizo chini ya shule mama), kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Watu wanayaita madarasa ya UVIKO, yaani ya korona, na nadhani jina litabaki hata ugonjwa ukisahaulika.

Nina neno moja juu ya haya. Kibao cha mradi hakitaji maboma. Mara nyingi wananchi ndio walionunua bloku na kunyanyua kuta mpaka kwenye lenta, boma likakaa miaka bila paa, kisha mradi ukaleta pesa za kupaua, plasta na sakafu. Kibao kinaandika mradi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kila jengo sasa nina safu mbili: aliyeanza na aliyemaliza. Safu ya kwanza naijaza kwa kuuliza wenyeviti wa vitongoji na mafundi, maana faili za ofisini huanza siku pesa zilipoingia.

Wageni

Sijajua niiweke wapi shule ya sekondari ya Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliyofunguliwa Bagamoyo mwaka 1970 kwa ajili ya vijana wa Msumbiji wakati nchi yao ikiwa vitani na Wareno. Graça Machel, baadaye mke wa Rais Samora Machel, alifanya kazi pale akiwa bado Graça Simbine. Haikuwa shule ya wilaya, haikufuata mtaala wetu, na ilihama na wenyewe walipopata uhuru mwaka 1975. Kwa sasa ina ukurasa wake, bila namba.

Kinachofuata

Kiangazi hiki ni zamu ya kaskazini: Saadani na vijiji vya kando ya Wami, kisha Mandera, ambako misheni ilifunguliwa miaka ya 1880. Natafuta picha za zamani za aina yoyote, hasa za mahafali na mechi, ambazo jengo linaonekana nyuma ya watu. Nakopi na kurudisha siku hiyohiyo. Pia natafuta fundi aliyepaua madarasa wakati wa MMEM anayekumbuka vipimo vya kenchi, kwa sababu nina mapaa matatu yanayofanana kabisa katika kata tatu tofauti na nashuku ni mkono wa mtu mmoja.