Nilivyowavua Walleye katika Ziwa Mille Lacs

Ziwa Mille Lacs, lililo katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500, ingawa kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 13 tu, na kila kiangazi hujaa mashua za watu wanaomtafuta walleye, samaki rasmi wa jimbo hilo tangu mwaka 1965. Mimi nilikulia kando ya Ziwa Victoria, ambako sangara hunaswa kwa nyavu na kwa kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Uvuvi wa ufito mmoja na ndoano moja nilijifunza ugenini.

Kilichonisaidia kuliko vifaa vyote ni kulielewa jicho la samaki huyu. Nyuma ya retina, yaani sehemu ya jicho inayopokea mwanga, ana utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake hung'aa kama ya paka yakimulikwa kwa tochi, na kwa sababu hiyo huona vizuri katika mwanga hafifu kuliko samaki wadogo anaowawinda. Hula zaidi alfajiri na jua linapotua, au hata mchana, ikiwa kuna mawingu na upepo unaovuruga uso wa maji.

Kwa hiyo nilichagua jioni za mwezi Juni, nikawa natega upande unaopigwa na mawimbi, juu ya mawe yaliyozama mita mbili hadi tatu. Chambo changu kilikuwa ruba aliye hai, aliyetungwa kwenye ndoano ndogo karibu na kinyonyeo chake ili aendelee kujinyonganyonga, chini ya boya linaloteleza kwenye mshipi hadi kwenye fundo linaloamua kina. Boya lilipozama polepole nilisubiri kidogo, nikakaza mshipi, kisha nikamvuta bila pupa.

Samaki wa ziwa hili hugawanywa kati ya serikali ya jimbo na makabila ya Ojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambayo haki zao za uvuvi kwa mkataba wao na serikali ya Marekani wa 1837 zilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1999, na masharti ya urefu wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa hubadilika mara kwa mara. Yule wa kwanza alizidi kipimo, nikamrudisha majini mara moja kwa mikono iliyolowa. Wa kupikwa alipatikana kabla giza halijaingia: nyama nyeupe, isiyo na shombo, wala haihitaji ndimu nyingi kama sangara.